Hesabu ya Sifuri

Kila Jumamosi alfajiri meli ya Icon of the Seas hurudi Miami ikiwa imejaa watu. Ina urefu wa mita 365 na ghorofa 20, na ikijaa pomoni hubeba abiria 7,600, mbali na mabaharia na wahudumu 2,350. Alasiri ya siku hiyohiyo huondoka tena, imejaa vilevile, ila kwa watu wengine. Kati ya alfajiri na alasiri maelfu wameteremka na masanduku yao, na maelfu wamepanda na ya kwao. Vitanda vimetandikwa upya, chakula cha wiki nzima kimeingia kwa mlango mmoja na taka za wiki nzima zimetoka kwa mwingine. Hiyo ndiyo siku ya kugeuza meli, na walioisifu ni wengi. Husifu ukubwa wake: shehena za mayai, milima ya mashuka, mikokoteni ya masanduku.

Mimi nataka kusifu kipande chake kidogo. Katika umati ule wapo abiria wasioondoka. Wamelipia wiki mbili mfululizo, wengine tatu, wengine mwezi. Nguo zao zimetundikwa kabatini, miswaki yao iko bafuni, na jioni watakula palepale walipokula jana. Hata hivyo, kwa muda fulani wa asubuhi hiyo meli inatakiwa isiwe na abiria hata mmoja, na wao ni abiria. Ni lazima watolewe, wakaguliwe, wahesabiwe na warudishwe, na yote hayo yafanyike bila wao kujiona wamefukuzwa. Kuna watu ambao kazi yao ni kulifanya jambo hilo lipite kwa wepesi, nao wanaifanya kwa ustadi unaostahili kutazamwa polepole.

Safari za namna hii hazina umri mkubwa. Meli za zamani za abiria zilikuwa vyombo vya kuvukia bahari, Southampton hadi New York kwa mfano, na zikifika zilitulia gatini siku moja, mbili au zaidi. Desemba 1966 meli iitwayo Sunward ilianza kutoka Miami kwenda Nassau na kurudi, safari za siku tatu na nne, kwa ubia wa Knut Kloster wa Norway na Ted Arison wa Israel. Mwaka 1970 ikaja Song of Norway, iliyoundwa mahsusi kwa matembezi ya baharini katika maji ya joto ya Karibi, siku saba kwa safari. Ratiba ikawa ya wiki, na siku ya kukaa bandarini ikawa moja, tena si nzima, kwa sababu meli iliyolala gatini haiingizi kitu. Leo Miami peke yake imefikia kuhudumia abiria zaidi ya milioni 8 kwa mwaka, hesabu ya mwaka wa fedha 2024.

Wanaounganisha safari wana sababu zao. Meli nyingi za Miami hupokezana njia: wiki hii mashariki ya Karibi, St. Thomas na St. Maarten, wiki ijayo magharibi, Cozumel na Roatán. Anayekaa wiki mbili huona bahari yote kwa nauli moja ya ndege. Wengi ni wastaafu, na kwa mzee mwenye magoti mabovu sehemu ngumu ya safari ni uwanja wa ndege. Akishafika melini, kila wiki anayoongeza ni nyepesi kuliko ile ya kwanza. Wahudumu wanamjua kwa jina, wanajua chai yake anainywaje. Ndiyo maana siku ya kugeuza humtia wasiwasi. Ni siku pekee ambayo anaweza kujihisi mgeni tena.

Wasiwasi huo huanza kushughulikiwa siku moja au mbili kabla, kwa barua. Karatasi hiyo huachwa chumbani, juu ya kitanda au kwenye kishikizo cha nje ya mlango, na ukiisoma vizuri utaona kazi ya mtu aliyekaa na kujiuliza msomaji wake anaogopa nini. Chumba changu je? Chako, usiguse kitu. Vitu vyangu? Viache vilipo. Nibebe nini? Pasipoti, kadi ya zamani, kadi mpya, na dawa zako. Tukutane wapi, saa ngapi? Ukumbi fulani, ghorofa fulani, saa tatu u nusu. Begi kubwa usishuke nalo, maana kila kinachoteremka hupita forodhani. Barua mbaya huanza kwa kueleza kanuni na humwacha mzee akihangaika na maswali yake hadi usiku. Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja, na akishaisoma huzima taa akalala.

Nyuma ya ukurasa huo kuna vitu vingi vya kufungwa na kufunguliwa upya. Hesabu ya matumizi ya melini hufungwa usiku wa mwisho, hata kwa anayebaki. Bili hutolewa, na anayelipa taslimu hana budi kwenda dirishani kumaliza deni na kuweka amana mpya. Kifurushi cha intaneti alichonunua hukatika, na cha vinywaji vilevile. Kadi yake ya plastiki, ambayo ni ufunguo, kitambulisho na pochi kwa pamoja, hufa na safari iliyokwisha; mpya haianzi kufanya kazi mpaka safari mpya ifunguliwe. Kuna saa kadhaa katikati ambapo mtu anashika kadi mbili na zote hazimnunulii kahawa. Mhudumu mwema humwambia hilo mapema, kabla hajasimama kaunta mbele ya watu.

Kwa anayebadilisha chumba, kazi inazidi. Mara nyingi hutokea hivyo, kwa kuwa chumba cha wiki ya pili kilikuwa kimeshachukuliwa na mwingine. Hapo utaratibu ni wa kupendeza: nguo zilizotundikwa hubaki kwenye hanga zake, wahudumu huzihamisha zikining'inia kwenye reli ya magurudumu na kuzitundika katika kabati jipya kwa mpangilio uleule. Vingine hutiwa sanduku na kusubiri chumba kipya kiwe tayari. Dawa, fedha, vito na pasipoti hubaki mkononi mwa mwenyewe. Kisanduku cha siri cha ukutani huachwa mlango wazi ili kila mtu aone kwamba kimebaki kitupu. Mlango ule ulioachwa wazi ni kitu kidogo sana, lakini umewaepusha wengi na ugomvi: mwenye chumba haulizi, mhudumu hashukiwi.

Sasa tuje kwenye kiini, yaani kwa nini watolewe kabisa. Meli imetoka nchi za nje, hata kama ilianzia hapahapa Miami wiki iliyopita. Kila aliyemo anaingia Marekani upya, na maofisa wa forodha na ulinzi wa mipaka lazima wamkague. Anayebaki melini hana msamaha. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya jambo hili lina uzito wake: kila Jumamosi ni kuingia nchini tena, kwa hiyo viza iwe inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na hilo lipangwe nyumbani kabla tiketi haijalipwa. Pili, orodha mbili za abiria hazitakiwi kuchanganyika. Wa safari iliyokwisha watoke hadi wa mwisho, ndipo wa safari mpya aingie wa kwanza. Wakichanganyika, hakuna ofisa atakayeweza kuapa nani amekaguliwa na nani hajakaguliwa. Hivyo meli lazima ifike sifuri.

Sifuri hiyo hutafutwa mlangoni. Kila anayetoka hupitisha kadi kwenye mashine, mashine hulia, picha yake hutokea kwenye kioo mbele ya mlinzi, na idadi ya waliobaki hupungua kwa mmoja. Tangu saa moja asubuhi idadi hiyo inashuka. Kwanza inashuka kwa kasi, wale wenye ndege za mapema na wale wanaobeba mizigo yao wenyewe. Halafu kwa makundi, kufuatana na rangi au namba za lebo zilizofungwa kwenye masanduku usiku uliotangulia. Kufikia saa tatu na nusu wamebaki wanaomalizia kifungua kinywa, watu wanaoaga wahudumu, na wale wanaounganisha safari waliokusanyika ukumbini wakiwa na barua zao mkononi.

Mtazame anayewasimamia. Kwa kawaida ni dada au kaka wa dawati la huduma, na kwa saa moja hii ana mamlaka makubwa kuliko cheo chake. Amefika kabla yao. Ameshachagua ukumbi ulio karibu na lifti na karibu na mlango utakaotumika, ili wasitembee mwendo mrefu. Wenye viti vya magurudumu amewapanga mbele, pamoja na wasukumaji wao, kwa sababu lifti ikijaa wazima wa miguu wao wataachwa nyuma. Anapokea kila mmoja kwa jina na kuweka alama kwenye orodha, na hapohapo anatazama kama pasipoti ni ya mtu huyu, si ya mke wake aliyekwenda msalani na ya mumewe. Asiyeonekana anapigiwa simu chumbani sasa hivi, angali na dakika ishirini mkononi, asije akatafutwa wakati watu mia mbili wanamngoja wima.

Kisha anasubiri, na hapa ndipo ustadi wake unapopimwa. Saa iliyoandikwa kwenye barua ni makadirio. Ukumbi wa ukaguzi huko chini ukiwa umejaa, kuwateremsha wazee hawa ni kuwasimamisha kwenye foleni waliyolipia wasiione. Anashika redio na kungoja neno kutoka kwa mwenzake wa nchi kavu. Watu wanamuuliza, tutashuka saa ngapi? Mzoefu hatoi saa. Anasema kilicho kweli: ukumbi una watu, ukipungua nitaambiwa, na mkishuka mtapita moja kwa moja. Anaagiza maji na juisi viletwe. Anazungumza nao, anauliza habari za wajukuu, na jicho lake haliachi mlango. Neno likifika, anainua mkono na kuanza kutembea, mwenzake mmoja akiwa katikati na mwingine nyuma kabisa, kama mwalimu wa chekechea anayevusha darasa barabara: mwendo wa kundi ni mwendo wa mtu wake wa polepole zaidi, na aliye mkiani ndiye anayesema twendeni.

Mlangoni mashine inalia mara mia mbili. Nchi kavu, siku hizi, ukaguzi wenyewe ni kusimama mbele ya kamera. Sura inalinganishwa na picha ya pasipoti, ofisa anatazama, mtu anapita. Zamani ilikuwa meza, muhuri na fomu za forodha, na kundi la mia mbili lilimaliza uvumilivu wa kila mtu. Baada ya kamera kuna viti. Wanakaa. Kwa wakati huu wao si abiria wa safari yoyote: ya zamani imewatoa, mpya haijawapokea. Kama walinunua pombe au saa ya thamani visiwani, wametangaza, na ushuru ukitakiwa wamelipa. Mkononi wana kadi ndogo inayoonyesha kwamba wanaunganisha safari, ili asitokee mtu wa kuwaelekeza kwenye teksi.

Melini, wakati huohuo, idadi imekwama. Inaweza kuwa kumi na moja, inaweza kuwa nne. Majina yanasomwa kwenye vipaza sauti, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa upole uleule ila polepole zaidi. Wahudumu wa vyumba wanagonga, wanafungua, wanatazama bafuni na barazani. Kuna aliyelala baada ya kuaga kupita kiasi. Kuna aliye dirishani anabishania bili, na ana haki ya kubisha, hawezi kuburutwa; mhasibu mwenye akili hufuatana naye hadi mlangoni akiendelea kumsikiliza. Kuna familia inayotafuta kiatu cha mtoto. Kuna aliyekwishatoka zamani lakini mashine haikusoma kadi yake, na huyo ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu anatafutwa mahali ambapo hayupo. Hutafutwa kwa makini yaleyale. Hakuna mwenye ruhusa ya kusema atakuwa ameshatoka huyo. Ni mpaka ofisa aliyeko nje athibitishe kwamba sura ile ilipita mbele ya kamera, ndipo jina lake lifutwe.

Tatu. Moja. Sifuri. Neno hilo hutamkwa kwenye redio, na ukiwa karibu na mfanyakazi wa meli unaona mabega yake yakishuka. Siku nzuri, wale waliokaa kwenye viti wamesubiri dakika chache. Siku mbaya, zaidi ya saa nzima. Maofisa wakitoa idhini, wao ndio wa kwanza kuitwa, mbele ya foleni ndefu ya wageni wapya waliokwisha kujaa upande wa pili. Wanapanda daraja, mashine inalia tena, na safari hii idadi inapanda: moja, mbili, tatu.

Msomaji wa kwetu ataelewa kwa nini hesabu hii inanigusa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Kilikuwa cha kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Siku zile za kwanza hakuna aliyeweza kusema walikuwemo wangapi. Mkata tiketi alikufa maji, na mashine yake ikapotea pamoja naye. Kabla ya hapo ilikuwa MV Bukoba, Mei 1996, na MV Spice Islander, Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba, na katika misiba yote miwili idadi ya waliopanda ilibaki ya kubishaniwa. Familia zilikuwa zinamtafuta mtu ambaye hakuna karatasi iliyosema alikuwemo. Nikitazama mlinzi wa Miami akikataa kufuta jina moja mpaka athibitishe, sioni urasimu. Naona kitu ambacho watu wa Ukara walistahili kufanyiwa.

Wakati wenye vyumba wamekaa nchi kavu, mhudumu wa ghorofa yao ana shughuli ya aina yake. Ana vyumba zaidi ya kumi vya kusafisha kabla ya saa saba mchana, na karibu vyote ni vya wanaoondoka: shuka zinang'olewa, foronya zinavuliwa, kila kitu kinatiwa kwenye mifuko koridoni kwenda dobi chini kabisa ya meli. Rimoti, swichi, vitasa na bomba vinapakwa dawa ya kuua vijidudu, na dawa inaachwa ikae muda wake kabla ya kupanguswa. Kupangusa mapema ni sawa na kutopaka. Wakaguzi wa afya wa Marekani huja bila taarifa na kutoa alama kati ya 100, na meli yenye alama 85 kushuka chini imeshindwa. Matokeo yake hutangazwa hadharani kwa jina la meli. Kwa hiyo hakuna anayecheza na rimoti.

Katikati ya vyumba hivyo kimoja au viwili ni vya wanaobaki, na kwenye orodha yake vimewekewa alama. Hapa mkono uleule unabadilika. Kitanda kinatandikwa upya, bafu linasuguliwa, lakini miwani juu ya meza ndogo inarudishwa pale ilipokuwa, miguu ikielekea upande uleule. Kitabu kilichoachwa wazi hakifungwi. Mto wa ziada ambao mwenye chumba aliuomba Jumanne iliyopita haurudishwi stoo na wengine. Kufuta kila alama ya mtu katika chumba cha jirani na kuhifadhi kila alama ya mtu katika hiki, kwa dakika zilezile chache, ni kazi inayotaka kichwa kitulie. Wengi wanaoifanya wametoka Ufilipino, Indonesia na India. Siku hizi wamo pia vijana wa Kenya katika meli za kitalii, baadhi wakiwa wamepitia Bandari Maritime Academy ya Mombasa, na mikataba yao ni ya miezi kadhaa bila kurudi nyumbani. Siku ya kugeuza ndiyo ndefu kuliko zote katika wiki yao. Bahasha ya shukrani anayoacha abiria anayeondoka ni jambo jema. Anayeunganisha safari naye aitoe siku hiyohiyo, wiki ya kwanza ikiisha, asingoje mwisho.

Si kila bahari inadai sifuri. Katika Mediterania, kampuni kama MSC na Costa huuza safari zao kwa namna ya duara: mmoja anapanda Barcelona, mwingine Marseille, mwingine Genoa, mwingine Civitavecchia, na kila mmoja anamaliza siku saba zake pale alipoanzia. Meli ile haigeuki siku yoyote, au tuseme inageuka kila siku, robo kwa robo. Anayeunganisha wiki mbili huko hupewa kadi mpya akaendelea kuota jua. Mtindo huo wameupeleka hata Ghuba, ambako mtu ameweza kuanzia Dubai au Doha. Ni ustadi tofauti, wa kuweka hesabu nne au tano zinazokwenda pamoja bila kugongana, na mtu wa dawati hapo hana dakika ya kupumua baada ya neno moja la redio. Nauheshimu. Ila moyo wangu uko Miami, kwa kuwa pale kazi ina kilele.

Kuna pia kuunganisha ambako sheria inakataza kabisa, na anayelijua hili mapema huokoa watu na hasara. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli yenye bendera ya kigeni kuwasafirisha abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine bila kupitia bandari ya nje iliyo mbali. Meli nyingi za kitalii zina bendera za Bahamas, Panama au Bermuda. Sasa chukua mtu anayepanda Los Angeles katika safari inayoishia Vancouver, Kanada, kisha anabaki melini kwa safari ya Vancouver hadi Seward, Alaska. Kila safari peke yake ni halali. Zikiunganishwa, katika macho ya sheria amebebwa kutoka California hadi Alaska, na Vancouver haihesabiki kuwa mbali. Faini ni kwa kila kichwa. Karani mwangalifu wa tiketi huliona hilo siku ya kununua na kumtafutia mteja meli nyingine kwa nusu ya pili. Miami hadi Miami haina tatizo hilo.

Tukirudi kwa abiria wetu, walioingia tena melini wanakuwa na meli yao wenyewe kwa muda mfupi. Kampuni nyingine huwaandalia chakula cha peke yao. Lakini bado kuna wajibu mmoja unaowakera wengi, nao ni zoezi la dharura. Wamelifanya wiki iliyopita. Kituo chao cha kukusanyikia wanakijua, kuvaa jaketi la kuokolea wanajua, na bado wanaambiwa waende kupitisha kadi wathibitishe tena. Nimesikia manung'uniko mengi juu ya hili, na sikubaliani nayo hata kidogo.

Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Mamia ya abiria wake walikuwa wamepanda Civitavecchia jioni ileile, na zoezi lao lilikuwa halijafanyika, kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliruhusu kungoja hadi saa 24. Katika giza, meli ikilala ubavu, hawakujua waende wapi. Tangu Januari 2015 kanuni za kimataifa zinataka zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kwa anayeunganisha, safari ya pili ni safari. Mahali pake pa kukusanyikia panaweza kuwa pamebadilika na chumba, na ofisa wa kituo kile anahitaji kujua leo, kwa majina ya leo, ni nani wa kumngoja. Wahudumu wazuri hulimaliza jambo hili mapema: wanamwelekeza mzee apitie kituoni akitoka kula, wanapitisha kadi yake, wanamwonyesha tena njia aliyoionyeshwa wiki iliyopita kwa sauti isiyo na haraka, na anakwenda kulala mchana wake.

Watu wa bandarini wana kipimo chao cha siku kama hii. Hawaulizani abiria walikuwa wangapi. Huulizana sifuri ilipatikana saa ngapi, na wa kwanza alipanda dakika ngapi baadaye. Ikiwa sifuri ilikuja kabla ya saa nne na nusu, na kundi la wanaounganisha likarudi bila kiti cha magurudumu kusahaulika mlangoni, siku hiyo husemwa imekwenda vizuri, na hakuna anayeongeza neno.

Kazi ya mwisho ni ya karatasi. Kabla ya kuondoka, si chini ya dakika 60, meli hutuma kwa serikali orodha ya kila aliyemo. Karani anailinganisha na mashine ya mlangoni, anatafuta jina lililoandikwa mara mbili, jina lililobaki kutoka wiki iliyopita, kadi ya zamani iliyopitishwa badala ya mpya. Hitilafu nyingi za siku hii hutokea kwa wanaounganisha, kwa hiyo majina yao huyapitia moja moja kwa kidole. Bibi aliyelala chumba kilekile kwa wiki nzima huandikwa humo kwamba amepanda leo, Miami, pamoja na vijana walioshuka kwenye basi saa nane. Orodha ikikubaliwa, daraja huvutwa na kamba za tezi hufunguliwa.